Injini mpya haipewi dabi siku ya kwanza

Dirisha la usajili likifungwa, kila shabiki wa Simba na Yanga anakuwa na kikosi chake kichwani. Yule straika aliyetua uwanja wa ndege usiku na kupokelewa kwa vuvuzela lazima aanze Jumamosi. Kocha akimweka benchi, simu zinamiminika kwenye vipindi vya redio asubuhi: kasajiliwa aje kutazama mpira?

Kocha anayejua kazi yake anawaacha watu waongee. Mgeni anapimwa, anakimbizwa asubuhi na jioni, anapewa dakika 20 kwenye mechi ya kirafiki, kisha kipindi kimoja, kisha dakika 70. Misuli ikishakubali ndipo anaambiwa: haya baba, dabi hiyo.

Shabiki huyo huyo, hata akibisha mdomoni, moyoni anaelewa. Ameshaona wachezaji wangapi wakitoka kwa machela dakika ya 15 kwa sababu ya haraka za watu? Ajabu ni kwamba akitoka uwanjani na kwenda gereji kuchukua gari lake, somo lote analiacha getini.

Kisa chenyewe kinajirudia mjini kiasi kwamba mafundi wanakisimulia kama mzaha. Kijana ana Subaru ya turbo. Injini ilikuwa imechoka, akajichanga mwaka mzima, ikafanyiwa ovahoo: pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya, bloku imechongwa upya. Gari linawaka, linanguruma vizuri, kila mtu anapiga picha. Wiki hiyo hiyo anarudi na turbo kubwa zaidi na anataka kontroboksi ichezewe iongeze nguvu. Fundi anataka hela, kijana anataka sifa, kazi inafanyika. Baada ya wiki chache gari linatoa moshi wa bluu, linakula oili kama linalipwa, na siku moja usiku barabarani linanoki. Kinachofuata si matengenezo tena, ni kesi. Kijana anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza vipuri, muuza vipuri anauliza risiti iko wapi.

Hilo ndilo la kusema leo, wakati mchezo wa magari unazidi kupata vijana wake Tanzania na Kenya: injini mpya, au iliyofanyiwa ovahoo, iachwe kwanza izoee ikiwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Turbo, kontroboksi na madoido mengine yafuate baadaye. Anayegeuza utaratibu huo anajinyima hata uwezo wa kujua nani kamharibia.

Mapenzi ya watu wa ukanda huu kwa magari haya hayakuanza mtandaoni. Patrick Njiru, Mkenya, alimaliza Safari Rally ya 1994 katika nafasi ya nne akiwa na Subaru Impreza, na tangu hapo kuna wazee Nairobi ambao hawataki kusikia jina la gari jingine. Colin McRae akaja kushinda Safari na Subaru mwaka 1997, Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Mashindano hayo yalitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002 na kurudi Naivasha mwaka 2021. Waliokuwa watoto wakati wa McRae sasa ni watu wazima wenye mishahara, na Impreza na Forester za mtumba kutoka Japani zimejaa barabarani.

Injini nyingi za Subaru hizo za turbo ni ile familia inayoitwa EJ20, iliyoanza mwaka 1989 kwenye Legacy. Mwaka huo wa kwanza, Legacy zilipelekwa kwenye uwanja wa majaribio Arizona, Marekani, zikakimbizwa kilomita 100,000 kwa wastani wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kwa hiyo anayesema injini hizi ni dhaifu hajui anachosema. Ni injini ngumu, ila ina masharti yake.

Ni muhimu kujua ni injini gani hasa inayozungumzwa. Ile ya mtumba iliyokuja kwenye kontena kutoka Japani ilishazoea miaka mingi iliyopita, huko huko kwao. Hiyo haihitaji kuzoeshwa, inahitaji kukaguliwa. Ila injini iliyofunguliwa ikawekwa ringi na pistoni mpya na silinda zake zikachongwa, hiyo ni mpya hata kama bloku lina umri wa miaka 20. Wengi wanakosea hapo. Wanaona gari ni la zamani, wanadhani na injini ni ya zamani.

Mtu wa mpira anaweza kulielewa hilo kupitia goti la Ronaldo, yule Mbrazili. Alitoka kwenye upasuaji, akarudi uwanjani Aprili 2000 kwenye fainali ya Kombe la Italia, Inter dhidi ya Lazio, akacheza dakika kama saba, goti likaachia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba angesubiri zaidi lisingetokea. Mara ya pili hawakufanya haraka: msimu wote wa 2000/01 hakucheza. Mwaka 2002 akaenda Kombe la Dunia akafunga mabao manane, mawili kwenye fainali dhidi ya Ujerumani. Ovahoo ni upasuaji. Mwenye gari haoni mshono, lakini upo.

Sasa nini hasa kinazoea humo ndani?

Ukuta wa silinda ukiushika unaonekana laini, lakini si laini. Mchongaji anauachia michoro myembamba inayokatana kama ukili wa mkeka, na michoro hiyo ndiyo inayoshika oili. Ringi za pistoni nazo ni mpya, zina ukali wake. Kazi ya kilomita za kwanza ni ringi kusugua ncha za ile michoro mpaka chuma na chuma vijuane, pasiwe na mwanya wa moshi kushuka chini wala oili kupanda juu. Mafundi wanasema ringi zimekaa. Zikishakaa, injini inabana vizuri, nguvu inapatikana, oili haipungui ovyo.

Kinachozikalisha ringi ni presha. Petroli inapoungua, gesi inaingia nyuma ya ringi na kuisukuma ikabane ukutani. Kwa hiyo injini inataka mzigo kidogo ili ringi zikae. Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapozaliwa, na ni ubishi mtamu kama ule wa nani bora kati ya Messi na yule mwingine.

Kambi ya kwanza inasema injini mpya iendeshwe polepole kama imebeba mayai. Kambi ya pili inasema hapana, ikanyagwe tangu siku ya kwanza, la sivyo haitapata nguvu maisha yake yote. Kila kambi imeshika nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua injini.

Anayeiacha injini mpya ikiunguruma uani saa nzima bila kutembea, akidhani anaitunza, anaiharibu. Presha ni ndogo, ringi hazibani, oili inaungulia ukutani na kuacha utando unaong'aa kama kioo. Ukuta ukishang'aa hivyo, ringi hazitakaa tena, na dawa yake ni kufungua upya. Hivyo wale wa kambi ya pili wana haki ya kucheka. Ila nao wakikanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye injini ya kilomita kumi, tena ikiwa na turbo iliyoongezwa presha, joto linapanda kwenye zile ncha ambazo bado hazijasuguliwa, oili inashindwa kufika, pistoni inakwaruza ukuta. Mkwaruzo wa silinda hauzoei. Unabaki, na unazidi.

Njia iliyopo ni ya katikati, na si ngumu. Gari lipashwe moto kwanza, oili ifikie joto lake la kazi. Kisha barabarani, gia ya tatu au ya nne, likanyagwe kwa nguvu ya wastani lipande mwendo, halafu mguu utolewe, liachwe lishuke lenyewe likiwa ndani ya gia. Kupanda kunabana ringi, kushuka kunavuta oili kusafisha uchafu wa chuma. Irudiwe hivyo, mwendo ukibadilikabadilika. Mshale wa resi usipande juu, wala gari lisilazimishwe kupanda kilima kwa gia kubwa huku likitetemeka. Mwendo mmoja kwa saa tatu mfululizo nao haufai.

Kwa hilo, barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ni uwanja mzuri wa mazoezi kuliko watu wanavyodhani. Vijiji vya kilomita 50 kwa saa na askari wenye tochi, ambao kila dereva anawalaani, wanamlazimisha mtu kupunguza na kuongeza mwendo njia nzima. Injini mpya haiwezi kuomba zaidi. Kitonga, kwa upande mwingine, na ile miinuko ya Mai Mahiu kwa wenzetu wa Kenya, si mahali pa kupeleka injini ya kilomita 100 ikiwa imejaza watu na mizigo.

Wenye viwanda wenyewe wanasemaje? Kitabu cha Subaru kinataka kilomita 1,600 za kwanza injini isivuke mizunguko 4,000 kwa dakika, ingawa mstari mwekundu wa STI uko mbali sana juu ya hapo. BMW wanaotengeneza M3 na M5 wanataka gari lirudi karakana kwenye kilomita 2,000, wamwage oili ya injini na ya difu, waweke mpya. Nissan GT-R ya R35, ambayo injini yake iliunganishwa kwa mkono na fundi mmoja huko Yokohama na jina lake kubandikwa juu yake, nayo ina ratiba ya kuzoea inayofika kilomita 2,000. Injini imekabidhiwa kwa fundi bingwa, ina jina lake, na bado wanasema isubiriwe. Kijana wa gereji ya uchochoroni anapata wapi ujasiri wa kusema yake haihitaji?

Kinachouma zaidi ni kwamba dereva wa bodaboda analijua hili vizuri kuliko mwenye Subaru. Akinunua pikipiki mpya ya mkopo, haikimbizi siku za mwanzo, na anairudisha mapema kumwaga oili ya kwanza. Haendi shule ya ufundi. Ile pikipiki ndiyo sahani yake ya ugali, ikinoki na mkopo bado upo, amekwisha. Mwenye Subaru anamwona bodaboda kama mtu wa chini, kumbe kwenye suala hili angemsalimia shikamoo.

Wapo wanaojibu kwamba magari ya rali ya kiwandani hayazoeshwi, yanashushwa kwenye lori na kwenda kushindana. Kuanzia 2021 mpaka 2025 Toyota walishinda Safari kila mwaka, na hakuna aliyewaona Ogier, Rovanperä au Evans wakiendesha taratibu kwenda Morogoro. Ni kweli hawakuonekana. Kazi hiyo ilishafanyika ndani, injini ikiwa imefungwa kwenye mashine, watu wa kompyuta wakisoma joto na presha ya kila kitu, mzigo ukipandishwa kwa hatua. Hata kwenye Formula One, injini zake zimebanana kiasi kwamba zinapitishiwa maji ya moto kabla ya kuwashwa, kwani zikiwa baridi hazizunguki sawasawa. Timu kubwa hazijaruka hatua. Zimeifanya mahali ambapo kamera hazifiki, kama mazoezi ya milango iliyofungwa kabla ya mechi kubwa.

Lakini hoja nzito kuliko zote haihusu ringi. Inahusu kujua.

Injini inapofungwa upya, kuna makosa mengi yanayoweza kufanyika. Gasketi haikukaa sawa. Nati haikukazwa kwa kipimo. Kipande cha takataka kimebaki kwenye njia ya oili. Beringi ya konrodi imebana kupita kiasi. Makosa hayo mengi hujionyesha kwenye kilomita za mwanzo, na yakijionyesha kwenye mwendo wa upole mara nyingi yanarekebishika: pavuja panaonekana, mlio unasikika, oili inapungua mtu anaona kwenye kijiti. Yakijionyesha wakati turbo mpya imeshafungwa na petroli imeshaongezwa, injini inapasuka kabla mtu hajauliza swali.

Na ikipasuka, nani alikosea? Aliyechonga bloku? Aliyefunga injini? Aliyeuza turbo? Aliyechezea kontroboksi? Vitu vinne vimebadilishwa kwa wiki moja, hakuna anayeweza kujibu. Ni sawa na timu iliyobadilisha kocha, kipa, mfumo na kiatu kwa siku moja, ikafungwa tano, halafu viongozi wanakaa kikao kutafuta mchawi.

Ndiyo maana injini ikishatembea kilomita zake inatakiwa ipimwe kabla ya kuguswa. Kompresheni ya kila silinda iandikwe. Oili iliyopungua kwa kilomita 1,000 iandikwe. Kama ipo mashine ya kupimia nguvu, gari lipandishwe, karatasi itunzwe. Siku turbo kubwa ikifungwa na nguvu ikaongezeka, mtu anajua imeongezeka kiasi gani kutoka wapi. Silinda moja ikishuka, anajua ilikuwa na ngapi jana. Bila karatasi hiyo, maneno ya "gari limeongezeka nguvu mara mbili" ni ya kijiweni tu.

Oili ya kwanza nayo ina habari zake. Imwagwe mapema, maana ndiyo inayobeba vumbi lote la chuma kilichosuguliwa. Filta isitupwe. Fundi mwenye akili anaikata kwa msumeno au kikatio, anakunjua karatasi yake na kuitazama juani. Unga mwembamba wa chuma ni jambo la kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida. Sumaku ikivivuta, ni chuma. Isipovivuta na vina rangi ya shaba, beringi zinalia. Kazi hiyo ni ya dakika 10 na haina gharama ya kutisha, lakini gereji ngapi zinaifanya? Nyingi zinatupa filta pipani na kumkabidhi mteja stika.

Huku kwetu kuna mambo matatu yanayofanya haraka iwe ghali kuliko Japani.

La kwanza vumbi. Safari Rally ina vumbi laini kama unga kule Kedong, na magari yake yamewahi kufungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka usawa wa paa ili kulikwepa. Sasa kijana anaanza kwa kutoa boksi la filta ya hewa la kiwandani na kuweka kile kifilta cha wazi cha kung'aa, anaingia nacho barabara ya vumbi Goba au Madale. Mchanga unaingia kwenye silinda ambayo ringi zake ndio kwanza zinatafuta kukaa. Hiyo ni msasa, si hewa.

La pili petroli. Subaru za soko la Japani zilisetiwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100. Zinapotumia petroli ya daraja la chini ya hapo, kontroboksi ya kiwandani inajua kujirudisha nyuma ili injini isigonge. Ikishachezewa na mtu anayetafuta nguvu, ile tahadhari mara nyingi ndiyo inayoondolewa kwanza. Mgongano wa moto ndani ya silinda unapasua ukingo wa pistoni unaoshikilia ringi, na injini za EJ zina historia ndefu ya ugonjwa huo.

La tatu mwinuko. Gari lililosetiwa Dar, usawa wa bahari, likipelekwa Arusha kwenye mita 1,400 linakutana na hewa iliyopungua karibu sehemu moja ya saba. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikie presha ile ile. Nairobi ni juu zaidi. Anayetaka kushindana huko asetiwe huko, na aende na injini iliyokwisha kuzoea, asiende kuizoesha njiani.

Kuna wanaosema haya yote ni ya wazee, kijana hawezi kukaa na gari miezi miwili bila kuligusa. Nani kasema asiliguse? Injini ndiyo isiguswe. Wakati inatembeza kilomita zake, kuna kazi tele. Breki, kwa mfano, ambazo ndizo za kwanza kusahaulika. Mtu anaongeza nguvu ya gari huku pedi za breki ni zile za bei poa na diski zimechakaa mpaka zina ukingo. Pedi mpya na diski mpya nazo zinahitaji kuzoeana kwa kubanwa mara kadhaa kwa mpangilio, ni kazi ya kipindi hicho hicho. Matairi. Shokapu na bushi. Rejeta isafishwe, mabomba ya maji yaliyokakamaa yabadilishwe. Gari lenye injini ya kawaida, matairi mazuri na breki zinazoshika linampita mwenye turbo kubwa na matairi ya kipara kwenye kona ya kwanza tu, na linarudi nyumbani.

Na ile ekzosi ya kupiga risasi, pa-pa-pa, saa saba za usiku Sinza? Hiyo si nguvu. Ni petroli inayounguzwa nje ya silinda, ndani ya bomba, ili watu wageuke. Watu wanageuka kweli, hasa wenye watoto wachanga.

Zamu ya kuongeza nguvu ikifika, mlango wa kuanzia si turbo. Ni pampu na nozeli za mafuta, maana turbo inayosukuma hewa nyingi kwenye mafuta machache inayeyusha pistoni. Halafu kupoza, halafu kontroboksi isetiwe na mtu anayesoma vipimo badala ya kusikiliza mlio. Hatua moja, gari litembee, lipimwe. Hatua nyingine. Inachukua muda, na inakula hela kidogo kidogo badala ya kuzimeza zote mara moja.

Wenye gereji nao wasijifiche. Fundi akiletewa injini ya wiki moja na mteja mwenye bahasha mkononi, anajua anachokwenda kufanya. Kusema "yeye ndiye aliyetaka" ni jibu la daktari wa timu aliyemchoma sindano mchezaji ili amalize mechi. Mwenye karakana ana haki ya kukataa kazi, na ana haki ya kuandika kwenye risiti kwamba injini ilipokelewa ikiwa na kilomita ngapi. Hilo la kuandika lingemaliza nusu ya kesi zinazofika kwa wenyeviti wa mitaa.

Vilabu vya mchezo wa magari vina nafasi kubwa zaidi. Kabla ya mashindano magari hukaguliwa: mikanda, kofia, kizimamoto, mabomba ya kinga. Haingekuwa kazi kubwa kuongeza karatasi moja ya injini: ilifungwa lini, imetembea kiasi gani, oili ya kwanza ilimwagwa kwenye kilomita ngapi, kompresheni ilisoma nini. Si kwa ajili ya kumzuia mtu, ila mwamuzi wa usalama ajue kwamba gari namba fulani lina injini ya siku nne. Injini inayonoki kwa kasi inaweza kumwaga oili mbele ya tairi zake yenyewe, na pembeni ya njia za rali za huku kwetu hakuna majukwaa. Kuna watu, watoto wakiwa mbele.

Zipo klabu zitakazosema washiriki ni wachache, wakibanwa watakimbia. Lakini washiriki wanakimbia hata sasa. Timu ndogo inayojichanga kwa miezi sita, inalipa kiingilio, inasafiri mpaka Arusha, halafu gari linakufa kilomita ya nane kwa sababu injini ilifungwa Jumatano, haionekani tena msimu unaofuata. Gari linauzwa vipandevipande, dereva anarudi kuwa mtazamaji.

Kilomita 1,600 zinazotajwa na kitabu cha Subaru si mwisho wa dunia. Dar mpaka Morogoro, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 400, kwa hiyo ni safari nne. Jumamosi nne, gari limepashwa moto, mshale wa resi chini ya 4, kijiti cha oili kinachunguliwa kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Moja ya Jumamosi hizo inaweza hata kuangukia siku timu yake ina mechi Uwanja wa Jamhuri.